Chombo Kilichoitwa Uhuru na Siri ya Kutanuka kwa Mbingu

Mtu wa Muyeye akivuka Mto Sabaki na kufuata pwani kuelekea kaskazini, hufika Ngomeni. Hapo, katika maji ya Ghuba ya Ungwana, Waitalia walisimamisha majukwaa juu ya nguzo za chuma. Tarehe 12 Desemba, 1970, Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Kimarekani iliondoka hapo ikichukua chombo cha kuchunguza mbingu. Kwa heshima ya sikukuu hiyo kikaitwa Uhuru. Mahali hapo palifaa kwa kuwa ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huiongezea roketi mwendo.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta mionzi ya eksirei itokayo mbinguni, ambayo hewa ya dunia huizuia isifike ardhini. Miongoni mwa mambo kiliyoyafunua ni mionzi itokayo katika makundi ya galaksi, yaani jamii kubwa za nyota. Asili yake ni gesi yenye joto la mamilioni ya digrii.

Mwaka 1929 Edwin Hubble alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba galaksi zinaachana, kama chembe za iliki katika unga wa mahamri unaoumuka. Wataalamu walitazamia kwamba mvutano utapunguza mwendo huo. Lakini mwaka 1998 waliopima nyota zilizolipuka waliona kwamba mwendo unazidi, mithili ya embe lililotupwa juu likakataa kurudi. Kisababishi kikaitwa nishati ya giza, nayo yakadiriwa kuwa yapata asilimia 70 ya ulimwengu wote.

Jambo zito kama hilo halikufaa kutegemea shahidi mmoja. Ndipo ile gesi ya moto ilipofaa. Yatazamiwa kwamba sehemu ya gesi katika uzito wa kundi iwe karibu sawa katika makundi yote makubwa. Nayo hesabu yake hutegemea umbali. Umbali ukikosewa, usawa huo huharibika. Mwaka 2004 wataalamu walipima makundi 26 kwa chombo Chandra, wakapata jibu lile lile.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi wa Uhuru, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Nishati ya giza yenyewe ni kitu gani, hakuna ajuaye bado. Ikiendelea hivi, siku za mbali sana galaksi nyingi zitatoweka machoni pa kila atazamaye mbingu.