Jinsi ya Kuurudia Upinde
Katika milima ya Kisii na Nyamira upinde ni kitu cha tangu zamani, lakini wengi waliofundishwa utotoni wameuacha miaka mingi. Mtu akiushika tena hudhani mkono haukusahau. Mkono hukumbuka, lakini hukumbuka na makosa yake pia.

Kosa kubwa ni kuanza na upinde mgumu. Misuli iliyolegea haiwezi kuushikilia. Basi mpigaji huinua bega, hukunja shingo, na kuachia kabla hajalenga. Mshale hupotea, na bega huweza kuumia kwa miezi mingi. Afadhali aanze na upinde mwepesi, hatua tano tu kutoka kwenye shabaha ya majani makavu, hata vijana wakimcheka.

Asimame ubavu, miguu ikiachana kadiri ya upana wa mabega. Ugwe auvute kwa misuli ya mgongo, si kwa mkono peke yake, mpaka vidole viguse pahali pale pale kila mara, kama vile pembe ya mdomo. Hapo atulie, kisha alegeze vidole. Mkono ulioshika upinde usishuke mpaka mshale ufike. Wala asiachie ugwe mtupu, maana mti waweza kupasuka.

Mpakani mwa Borabu na Sotik mishale iliua watu katika ghasia za mwaka 2008. Kwa hiyo ni vema wazee na majirani wajulishwe mapema kwamba ni mchezo. Na mchezo huu una heshima: mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, bendera ya Kenya ilibebwa na mpiga upinde, Bibi Shehzana Anwar, ambaye shabaha yake ilikuwa mita 70 mbali.