Kwa nini stima hukawia kurudi baada ya dhoruba ya barafu

MVUA iliyoanza kunyesha kusini mwa mkoa wa Quebec, Kanada, mapema Januari 1998 haikuandamana na kimbunga wala ngurumo. Lakini kwa takriban siku tano, matone yalioangukia nyaya, nguzo na matawi ya miti yaligeuka barafu papo hapo.

Kufikia Januari 9, wateja wapatao milioni 1.4 mkoani humo walikuwa gizani. Kwa kuwa nyumba nyingi za Quebec hupashwa joto kwa umeme, kukatika kwa stima katikati ya majira ya baridi kulihatarisha maisha. Takriban watu 30 walifariki kutokana na janga hilo, baadhi yao kwa baridi na wengine kwa kuvuta hewa ya sumu kutoka kwa jenereta na majiko waliyowasha ndani ya nyumba.

Baadhi ya familia zilisubiri hadi mwanzoni mwa Februari kabla ya kuona taa tena. Je, kwa nini kazi hiyo ilichukua muda mrefu hivyo?

Jibu la kwanza ni uzito wa barafu. Mvua ya aina hii hutokea pale theluji inapopita katika hewa yenye joto na kuyeyuka, kisha maji hayo yakapita katika hewa baridi iliyo karibu na ardhi. Matone hayagandi angani, bali huganda yanapogusa kitu. Waya huzidi kunenepa saa baada ya saa hadi nguzo zikalemewa.

Nguzo moja ikianguka, nyaya huvutwa kwa nguvu upande mmoja na kuiangusha ya pili, nayo ya pili ikaiangusha ya tatu. Ndivyo ilivyoporomoka milingoti ya chuma ipatayo 1,000, mbali na nguzo za mbao takriban 30,000.

Jibu la pili ni utaratibu wa ukarabati. Umeme husafiri kutoka bwawani kupitia nyaya kubwa hadi vituo vya kupunguza nguvu zake, kisha hupita katika nyaya za mitaani na transfoma kabla ya kuingia nyumbani. Fundi akitengeneza waya wa nyumba ilhali mlingoti mkubwa umeanguka kilomita nyingi kutoka hapo, kazi yake haitawasha hata balbu moja.

Kwa sababu hiyo, mafundi huanza na njia kuu na vituo. Hospitali na mitambo ya maji hupewa kipaumbele. Umuhimu wa hilo ulidhihirika Montreal Januari 9, umeme ulipokatika katika mitambo ya kusafisha maji na jiji likakaribia kukosa maji. Baadaye hutengenezwa nyaya zinazohudumia wateja wengi kwa pamoja, na mwishowe nyumba moja moja. Ndiyo maana mtu huweza kuona taa za jirani zikiwaka huku kwake kukiwa giza, pengine kwa sababu nyumba hizo mbili zinategemea transfoma tofauti.

Jibu la tatu ni usalama wa mafundi wenyewe. Waya ulioanguka huweza kuonekana umekufa kumbe una umeme. Hatari nyingine hutoka kwa wateja. Mtu akiunganisha jenereta na nyaya za nyumba bila kwanza kujitenga na nyaya za mtaani, umeme wake hurudi nyuma hadi kwenye transfoma, ambayo huuongeza kufikia maelfu ya volti. Fundi aliye juu ya nguzo huweza kuuawa na jenereta ya nyumba asiyoiona. Onyo hilo linawahusu pia wenye maduka na hoteli nchini Kenya.

Hata nyaya zikiwa tayari, umeme haurejeshwi kote kwa mpigo. Nyumba zilizopoa kwa siku kadhaa huwasha vipasha joto vyote kwa wakati mmoja, na mzigo huo huweza kuangusha mtandao upya. Hivyo, umeme hurudishwa sehemu kwa sehemu.

Kanada ilituma wanajeshi zaidi ya 15,000 kusaidia kuondoa matawi, kufungua barabara na kuhudumia waathiriwa, huku mafundi kutoka Marekani wakija kuongeza nguvu. Baada ya janga hilo, kampuni ya Hydro-Québec ilisimamisha milingoti imara zaidi kati ya ile ya kawaida, ili mmoja ukianguka usiangushe msururu mzima.

Kwa anayesubiri gizani, kutoona fundi mtaani si ithibati kwamba amesahaulika. Huenda fundi huyo yuko mbali, juu ya mlingoti uliojaa barafu, akiunganisha waya ambao bila huo mtaa mzima hauwezi kupata mwanga.