Dereva Hana Leseni

Mjomba wangu wiki nzima anaendesha basi hapa Birmingham, wikendi anapiga video za harusi. Ukiona ukumbi wa Sparkbrook au Small Heath umejaa kanga na ubani, angalia nyuma ya kamera, yuko pale. Pesa za basi zinalipa kodi ya nyumba. Pesa za harusi zinakwenda Tanga, ada za shule za watoto wa dada yake.

Kompyuta yake ni ya siku nyingi: prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, na kadi ya picha ya NVIDIA, GTX 1060, toleo la 2016. Windows 10 ilimaliza huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inaanzia, kwa kawaida, kizazi cha nane. Mjomba akanipigia simu: "Mama, naambiwa ninunue nyingine."

Mimi nikajitia fundi. "Usinunue, mjomba. Nitakuja Jumapili nikuwekee Linux."

Jumapili saa saba mchana Linux Mint ilikuwa imeshakaa vizuri. Tukafungua Kdenlive, programu ya kuhariri video, tukapanga harusi yote, tukabonyeza itoe video kamili. Makadirio: saa tisa. Na familia ya bibi harusi inakuja kuichukua saa mbili usiku, kesho yake alfajiri wana ndege. Nikamtazama mjomba. Mjomba akautazama ukuta.

Tatizo lilikuwa draiva, ile programu inayouwezesha mfumo kuongea na kadi. Linux ilikuwa inatumia Nouveau. Hiyo ni programu huria: msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha. Lakini kadi za kizazi hiki hazikubali kupandishwa kasi bila programu ndogo iliyotiwa sahihi na NVIDIA wenyewe, kwa hiyo Nouveau inaiacha kadi kwenye mwendo ule ule wa kuwashia, kama gari lililogandia gia ya kwanza. Tena haifikii NVENC, ile sehemu ya kadi inayobana video haraka.

Draiva ya NVIDIA inafika kote huko. Hiyo ni ya bure, lakini si huria. Angalia Kiswahili kilivyotusaidia hapa: Kiingereza kina "free" moja kwa yote mawili, sisi tunayo mawili. Hulipi kitu, ila huruhusiwi kuchungulia ndani. Mwaka 2022 NVIDIA walifungua msimbo wa kipande kinachokaa kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, lakini kwa kadi za kizazi cha Turing na za baada yake tu. Kadi ya mjomba ni ya kabla ya hapo, na mfululizo wa 580 ndio wa mwisho unaoihudumia. Nikaandika:

sudo apt install nvidia-driver-580

Katikati ikaniomba nitunge nywila. Nikatunga, haraka haraka. Nikawasha upya, ikaja skrini ya bluu yenye maneno mengi na sekunde zinazohesabika kurudi nyuma. Sikusoma. Nikaipita.

Kompyuta ikawaka na herufi kubwa kama za bango la barabarani. Nikaandika nvidia-smi, jibu: haiwezi kuwasiliana na draiva.

Mjomba akaja na chai. "Eti mama, imekuwaje?" Nikaanza kwa Kiingereza, maneno yakamiminika. Akanyanyua mkono. "Niambie kwa Kiswahili."

Nikakwama kabisa, jamani. Yaani kitu nakijua, kukisema siwezi.

"Ni... dereva, mjomba."

"Dereva kafanya nini?"

"Wa zamani nimemshusha. Mpya yupo mlangoni, ila hawamruhusu kupanda. Sahihi yake haitambuliki."

Mjomba aliendesha daladala Tanga miaka kumi kabla ya kuja huku. Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Huyo hana leseni! Ulimsajili wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Ile skrini ya bluu ndiyo ilikuwa ofisi ya leseni. Secure Boot ni trafiki: kompyuta ikiwaka, anakagua sahihi ya kila kinachotaka kuingia kwenye kiini. Nikamwambia tunaweza kuizima tu, wengi wanafanya hivyo. "Ukimfukuza trafiki," akasema, "na mwizi naye anapita."

Basi tukarudia:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Safari hii nywila ya herufi na tarakimu tu, kwa sababu skrini ile inasoma kibodi kama ya Marekani; kwenye kibodi zetu za Uingereza alama ya @ imekaa pengine. Nikawasha upya, nikasoma, nikachagua "Enroll MOK", "Continue", "Yes", nywila, "Reboot".

Nikaandika nvidia-smi. Jedwali likatokea, GTX 1060 imeandikwa jina lake.

"Kapewa?" mjomba akauliza.

"Kapewa."

Ilikuwa saa kumi. Tukachagua NVENC kwenye Kdenlive, na saa kumi na mbili na nusu video ilikuwa tayari. Wenyewe walipobisha hodi, mjomba alikuwa ameshavaa shati safi, kama vile hakuna lililotokea.

Kerneli ikibadilika, DKMS inaijenga draiva upya na kuitia sahihi kwa ufunguo ule ule, hivyo leseni haiombwi tena. Mjomba haamini. Kila Jumapili ananipigia, namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, halafu swali: "Dereva mzima?"

Na wewe ukikwama, kabla ya kubonyeza ovyo kama mimi, jaribu kumweleza mtu mzima wa nyumbani kwenu, kwa Kiswahili. Halafu tuandikie alikujibu nini.