GPS ya mkononi kwa mchezo wa watoto: safari hii tusidanganyike



Katika mkutano wetu wa MUSO uliopita, mama mmoja alisimama, akaweka mikono kiunoni, akaniuliza mbele ya wote: "Mwalimu, dola zetu 60 ziko wapi?" Nilimjibu kwamba ziko kabatini kwangu, zimegeuka kifaa kisichotusaidia. Wengine walicheka. Yeye hakucheka, na alikuwa na haki. Dola 60 ni mtaji wa mama anayeuza sambaza pale Kadutu. Kwa hiyo naandika hapa kwanza kueleza kosa langu, halafu kueleza namna ya kuchagua vizuri, maana Jumamosi tutapiga kura kama tutoe tena feza au hapana.

Mlinituma ninunue GPS kwa ajili ya mchezo wa vakansi. Kwa wale ambao hawakuwapo siku ile: ni mchezo wa kuficha kitu mahali fulani, kuandika namba za mahali hapo kwenye karatasi, na kuwapa wengine wakitafute kwa GPS. Ulianza Marekani mwaka 2000. Mpaka tarehe 1 Mei ya mwaka ule, serikali ya Marekani ilikuwa inaharibu kwa makusudi alama za satelaiti zake ili raia wa kawaida wasipate mahali hasa; mtu aliweza kupotezwa mita 100. Usiku ule wakaacha kufanya hivyo. Siku mbili baadaye, tarehe 3 Mei, bwana mmoja jina lake Dave Ulmer akaficha ndoo nyeusi katika pori la jimbo la Oregon, akatangaza namba zake, na watu wakaenda wakaipata. Kwa Kiingereza mchezo huo unaitwa geocaching. Ndani ya kisanduku kunakuwa na kadaftari. Anayekipata anaandika jina lake, na akitoa kitu kidogo anaweka kingine, kisha anakirudisha palepale.

Niliupenda kwa sababu ya darasani. Mtoto wa miaka kumi na mbili anasoma latitudo na longitudo ubaoni kama anavyokariri majina ya wafalme wa Ulaya. Ukimwambia kwamba Bukavu iko kwenye digri 2 na dakika 30 kusini ya ikweta, na digri 28 na dakika 52 mashariki, anaandika, anapata pointi zake, anasahau. Lakini ukimpa namba hizo azitembee kwa miguu yake, hasahau tena.

Sasa kosa langu. Nilikwenda kwa muuzaji wa vifaa vilivyokwisha kutumiwa, akanionyesha GPS mbili. Moja ndogo, nene, yenye kioo cheusi na cheupe, sura yake kama telefone ya zamani. Nyingine ina kioo kikubwa cha rangi, inang'aa, inasema kwa sauti ya mwanamke. Nikachagua ile inayong'aa. Nilipofika nyumbani nikagundua ni GPS ya gari. Inataka umeme wa gari. Betri yake ya ndani haimalizi hata saa mbili. Inatafuta jina la barabara, na barabara za kwetu nyingi haizijui. Kuingiza namba za latitudo kulitaka kupita milango mitano ya menyu. Na mvua ya kwanza ingeiua. Ile ndogo mbaya niliyoiacha ndiyo ilikuwa ya kutembea nayo kwa miguu. Muuzaji hakunidanganya, sikumuuliza.

Kabla ya kusema tununue ipi, niseme lile ambalo ningepaswa kulisema mwezi uliopita: kwanza tujaribu na telefone tulizo nazo. Wamama wengi wanadhani GPS ya telefone inakula mega. Haili. Telefone inapokea alama za satelaiti bure, hata kama haina kadi ya SIM ndani. Mega zinatumika kupakua ramani tu, na kusaidia telefone ianze haraka. Ukipakua ramani ya Kivu ya Kusini mara moja, mahali penye wifi, kwa programu kama OsmAnd au Organic Maps, unaweza kuzima mega na ikaendelea kukuonyesha uliposimama. Chini ya mbingu wazi, telefone ya kawaida inakosea mita 5 hivi. GPS ya mkononi ya bei ndogo nayo iko hapohapo, mita 3 mpaka 5. Yaani kwa usahihi peke yake, hakuna sababu ya kutoa feza.

Basi kwa nini nafikiria bado kununua moja? Kwanza, betri. Mchezo wa nusu siku, kioo kikiwaka muda wote, unamaliza telefone, na jioni mama anarudi nyumbani bila telefone ya kumwita mgonjwa wake au mteja wake. Umeme wetu mnaujua. GPS ya mkononi inatumia mapile mawili ya kawaida, yale ya ukubwa wa R6 yanayouzwa kila kibanda, na inakaa nayo siku nzima au zaidi. Pili, watoto. Mimi siwezi kumpa mtoto wa darasa la sita telefone ya mama yake akimbie nayo kwenye mteremko wa Bukavu. Kifaa kinene cha plastiki kikianguka kwenye matope tunakifuta tu. Tatu, na hili ni la aibu kidogo: mtoto mwenye telefone mkononi haangalii mshale. Anaangalia mambo mengine.

Katika vya bei ndogo, ninavyovifahamu vizuri ni vile vya Garmin vinavyoitwa eTrex. Si kwamba vingine havifai. Hivi vimesambaa zaidi, kwa hiyo hata vilivyotumika vinapatikana, na fundi anavijua.

eTrex 10 ilitoka mwaka 2011, bei yake huko Marekani ilikuwa dola 120 hivi. Kioo ni kidogo, hakina rangi, na huwezi kuongeza ramani. Kwa mchezo wetu ramani haihitajiki: unaingiza namba, mshale unakuonyesha upande, na mita zinapungua kadiri unavyokaribia. Maji kidogo hayaidhuru. Mapile mawili yanakwenda saa 20 hivi. Kasoro yake moja iwaelezwe watoto mapema: haina dira ya ndani. Mshale unajua upande wako ukiwa unatembea tu. Ukisimama, unazunguka ovyo kama kuku aliyepotelewa na vifaranga, na mtoto anasema mashine imeharibika. Haijaharibika. Atembee hatua kumi mbele, itajirekebisha.

eTrex SE ni ya mwaka 2023, dola 150 hivi huko ilikotengenezewa soko. Hii ina dira, mshale hausumbuki ukisimama, na mapile mawili yanakwenda mpaka saa 168 kwa hesabu ya kampuni. Hata ukikata nusu ya maneno ya kampuni, bado ni vakansi nzima kwa mapile machache. Nayo haina ramani ya rangi. Kuna eTrex 22x yenye rangi na nafasi ya kadi ya ramani, lakini inafika dola 200, na kwa mchezo wa watoto mimi nasema hapana. Rangi ndiyo iliyonidanganya mara ya kwanza.

Mjue kwamba hizo ni bei za Marekani. Mpaka kifaa kivuke Ruzizi na kupita mikononi mwa watu wawili watatu, bei inapanda. Ndiyo maana kilichotumika kinaweza kutufaa, lakini tukijaribu kabla ya kulipa. Mama atakayetumwa safari hii (si lazima niwe mimi) aende na mapile yake mawili mapya mfukoni. Afungue nyuma, aangalie kama pale pile zinapokaa kuna ukungu wa kijani. Ukiwapo, asinunue hata kwa nusu bei. Abonyeze kila kitufe. Kwenye eTrex 10 kuna kijiti kidogo cha kusukuma kwa kidole gumba; kikiwa kizito au kinaruka, ndiyo mwisho wa mazungumzo. Halafu atoke nje na muuzaji. Ndani ya duka, chini ya mabati, hakuna GPS inayofanya kazi, na muuzaji anayekataa kutoka nje anakuficha kitu. Kifaa kinahitaji kuona satelaiti nne angalau, nazo ziko juu kilomita 20,000 na zaidi. Kama kilikaa miezi mingi bila kuwashwa, kinaweza kutaka dakika kumi na zaidi kujipanga upya, basi asikate tamaa haraka. Aulize bei ya nyanya wakati anangoja. Kikishapata mahali, aweke alama pale mlangoni, atembee hatua mia moja, arudi akifuata mshale. Kikimrudisha ndani ya mita tano au sita za mlango, kinafaa.

Kwa aliye karibu na ziwa kuna jaribio lingine. Maji ya Kivu yako kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari. Simama ukingoni, tazama kifaa kinasema mita ngapi za urefu. Kikikosea mita kumi na tano hakuna neno, urefu siku zote ndio udhaifu wa GPS. Kikisema 900, mrudishie mwenyewe.

Kitu kimoja cha kupanga kabla ya kuwapa watoto: namna ya kuandika namba. Mwezi huu tulijaribu na telefone tatu katika kiwanja cha shule, kikundi kimoja kikapata kwamba kitu chao kiko upande wa Kavumu. Walikuwa wameandika 2.30 badala ya digri 2 na dakika 30. Digri moja ina dakika 60, si 100, kwa hiyo digri 2 na dakika 30 ni 2.5. Kosa hilo dogo ni kilomita 22. Kikundi kingine kilisahau herufi S, kusini, kikaweka N. Telefone ikawapeleka upande wa Mungbere, Haut-Uele, kilomita zaidi ya 550 kutoka pale tulipokuwa tumesimama. Walicheka mpaka wakakaa chini, na tangu siku ile hakuna anayesahau ikweta. Vifaa vyote viwekwe kwa mtindo mmoja: digri, dakika, na desimali tatu za dakika. Desimali ya tatu ni kama mita 1.85, yaani hatua mbili za mtoto.

Sasa neno ambalo siwezi kulipita, na ambalo vitabu vya mchezo huu vya Ulaya hawaliweki kwa sababu wao hawana shida yetu. Watoto wetu tunawafundisha tangu wadogo: ukiona chuma usichokijua, kisanduku porini, kitu kilichofukiwa nusu, usiguse, usikaribie, rudi kwa njia uliyokuja nayo, mwambie mkubwa. Vita vimeacha vitu ardhini, na fundisho hilo limeokoa watoto. Hatuwezi kulivunja kwa mchezo. Mchezo wa Marekani unamfundisha mtoto kuingiza mkono chini ya jiwe afurahie kupata bati. Hapa kwetu hapana, hata siku moja.

Kwa hiyo tulibadilisha. Hakuna kisanduku, hakuna cha kufukia, hakuna cha chuma. Tunafunga kitambaa cha kitenge, kirefu kama mkono, kwenye mti au nguzo, kwenye urefu wa macho ya mtoto, na juu yake karatasi yenye swali la hesabu. Mtoto hagusi kitu chini. Anasoma swali, anaandika jibu, anaendelea na namba zinazofuata. Kitenge ni kilekile kwa vituo vyote, na watoto wanaonyeshwa kipande chake kabla ya kuanza. Kisichokuwa na kitenge si chetu. Kwa kuwa GPS inakosea mita tano, kitambaa lazima kionekane kutoka mita tano. Ndiyo sababu haturuhusu kujificha nyuma ya ukuta wala chini ya miti minene, ambako alama zenyewe zinayumba.

Na mahali ni ndani ya ua: shule, parokia, kiwanja ambacho mwenyewe ametukubalia. Chefu wa avenyu anajulishwa siku mbili kabla. Mtu anayezunguka na kifaa mkononi akiandika namba karibu na kambi, mpaka au nyumba ya mkubwa anaweza kuulizwa maswali magumu, na hatamwokoa mtu kusema kwamba ni jografia.

Haya ndiyo nitakayoyapeleka Jumamosi. Ile GPS ya gari nimepata dereva wa teksi anayeitaka kwa dola 35. Zitarudi kwenye kasha. Dola 25 zilizobaki nitazirudisha mimi, 5 kila mwezi, na katibu aandike. Kama mtasema tuendelee na telefone tatu mpaka mwisho wa vakansi, nitaona ni sawa, maana watoto 24 walicheza nazo na hakuna aliyelalamika isipokuwa mama mmoja ambaye telefone yake ilizimika saa tisa. Kama mtasema tununue, mimi nachagua moja tu, ya mapile mawili, isiyo na rangi. Anayekwenda sokoni asisahau mapile yake.