Paula Hakurudi Toka Msituni

Tarehe 1 Desemba 1946, Paula Welden, binti wa miaka 18, mwanafunzi katika jimbo la Vermont, Marekani, alitoka kutembea msituni, amevaa koti jekundu. Usiku uliingia, hakurudi. Mamia ya watu walimtafuta, wanafunzi wenzake wakiwemo. Hadi leo hajaonekana. Wakati ule Vermont haikuwa na polisi ya jimbo. Baba yake alilalamika sana, na mwaka 1947 polisi hiyo ikaundwa. Kilio chake kilisaidia watoto wa wengine.

Sisi nasi, mtoto akienda kutafuta kuni, tujue njia yake, nguo aliyovaa na mwenzake. Akichelewa tusingoje asubuhi. Tuwaite majirani palepale.