Je, Wajua? Kwa Kirundi, Kuja ni Kwenda

Mtu aliyetoka upande wa Burundi akikuambia pale stendi ya Kasulu, mkoani Kigoma, "Ndaja kw'isoko," usimsubiri sokoni ukidhani yuko njiani kukufuata ulipo. Anakuaga. Kwa Kirundi, kuja ni kwenda. Kuja kwetu wao hukuita kuza, neno ambalo nasi tunalo, ila kwetu ni kukifanya kitu kikue. Hivyo herufi nne zile zile, k-u-j-a, zinampeleka msemaji mmoja mbele na mwingine zinamrudisha.

Kiha cha Kasulu na Kibondo na Kirundi ni ndugu wa toka nitoke. Malcolm Guthrie, aliyezipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba, alizitia katika kundi moja, D60: Kinyarwanda D61, Kirundi D62, Kiha D66. Muha na Mrundi huketi wakazungumza kila mmoja kwa lugha yake na wakaelewana. Kiswahili nacho ni Kibantu, lakini ni binamu wa pwani, na ubinamu huo ndio unaotega mtego. Ukikutana na Kijerumani, unajua hujui, nawe unatafuta mkalimani. Ukikutana na Kirundi unasikia mtu, mwana, mwaka, unajiona mwenyeji, na hapo ndipo unapoteleza.

Tuitazame hiyo kuja kwa karibu. Maji kwa Kirundi ni amazi. Jina ni izina, jua ni izuba, njaa ni inzara, njia ni inzira. Penye j yetu, wao wana z, na si kwa kubahatisha. Sauti moja ya lugha mama ya Kibantu iligeuka j huku na z kule, ikafanya hivyo neno baada ya neno. Mjerumani Carl Meinhof alichapisha mwaka 1899 kitabu kizima cha kueleza kanuni za namna hiyo. Kwa kanuni hiyo, mwenza wa kweli wa kuja yetu ni kuza yao. Kuja yao imetoka katika kitenzi kingine kabisa cha kale, cha kwenda, ambacho sauti zake zilibadilika hadi zikafanana na zetu. Ni vitenzi viwili visivyo na udugu, vilivyovaa sare moja.

Ulaya wanayo mikasa hiyo hiyo. Burro kwa Kihispania ni punda, kwa Kiitaliano ni siagi, na asili zake ni mbali mbali. Lakini gift, ambayo Mwingereza huipokea kama zawadi na Mjerumani huikimbia kwa kuwa kwake ni sumu, ni neno la mzizi mmoja: kitu unachopewa. Lilianza pamoja, likaachana njiani.

Kigoma nako kuna neno la aina hii ya pili, nalo ni zito. Nyoko. Kwa Kirundi ni mama yako, basi. Biblia ya Kirundi hulitumia katika amri ya kuwaheshimu baba na mama. Kiswahili nacho kina nyoko ya mzizi ule ule na maana ile ile ya mama wa unayesema naye, ila sisi tumeliacha likabaki midomoni mwa wagomvi. Mtoto wa Kirundi aliyefundishwa adabu na wazazi wake anaweza kulitamka darasani kwa heshima zote, akachapwa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kubaka. Kwa Kinyarwanda, kubaka ni kujenga. Warundi huandika kwubaka, lakini mdomoni tofauti hiyo haisikiki sana kwa asiyezoea. Kujenga huko si kwa matofali tu: wakisema mtu arubatse, yaani amejenga, wanakueleza kwamba ana ndoa na nyumba yake. Sasa wafikirie Warundi waliokimbilia kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, iliyofunguliwa tena mwaka 2015 baada ya machafuko ya kisiasa kwao, au waliopelekwa Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Kijana anaulizwa maswali kwa Kiswahili. Anajibu kwa Kiswahili anachokijua, na pale kinapompungukia anachomeka neno la kwao: anataka kubaka. Yeye ana maana ya kuoa na kutulia. Mwandishi wa maelezo anaandika alichosikia, na katika Kiswahili hilo ni kosa la jinai. Kwa maoni yangu, mkalimani anahitajika hata pale wote wawili wanapodhani wanaelewana, na hasa pale.

Mengine hayaumizi mtu. Shaka yetu ni wasiwasi. Kwao gushaka ni kutaka, na "ndashaka" haina wasiwasi wowote ndani yake. Saba yetu ni hesabu, yao ni amri, "omba!"; namba yenyewe wao huiita indwi. Kina cha ziwa au cha shairi kwetu, kwao kina ni "cheza!". Na kijana wa mjini anayeita "Oya!" ili mwenzake ageuke, kwa Mrundi amesema "hapana" kabla hajaulizwa kitu.

Kisha kuna inda. Mswahili mwenye inda ni mwenye roho mbaya, asiyependa wenzake wapate. Mrundi mwenye inda ana tumbo, au ni mjamzito, au ana chawa. Tumbo na chawa huandikwa sawasawa, i-n-d-a, na kinachotenganisha ni toni, yaani wapi sauti inapanda na wapi inashuka. Kiswahili kilikwisha kupoteza toni za maneno, na maandishi ya kawaida ya Kirundi hayazionyeshi. Kwa hiyo muuguzi aliyelelewa kwa Kiswahili, mama akimwambia shida yake ni inda, hasaidiwi na kuliandika neno hilo kwenye kadi. Itambidi amwombe mgonjwa aonyeshe kwa kidole.