Picha Nzuri kwa Simu Uliyo Nayo

Mwaka jana kikundi kimoja cha akina mama wanaosuka vyondo hapa kwetu kilipata mteja wa Nairobi kwa njia ya picha za WhatsApp. Aliagiza vyondo kumi na viwili. Vilipomfikia akavirudisha vyote, akisema sivyo alivyoonyeshwa. Akina mama walishangaa, maana vyondo vilikuwa ni vile vile vilivyopigwa picha. Kumbe kijana aliyewasaidia alikuwa ameongeza rangi kwa programu ya simu mpaka ule wekundu wa udongo ukang'aa kama pilipili. Hakuwa na nia mbaya, alitaka tu vipendeze. Gharama ya kwenda na kurudi ililipwa na kikundi.

Kwa sababu hiyo tumeona tuandike kidogo juu ya kupiga na kutengeneza picha. Simu zenye kamera ziko nyingi vijijini, na programu za kutengeneza picha zinapatikana bila malipo. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kuonyeshwa namna ya kuzitumia?

Tuanze na mwanga, kwa sababu picha iliyopigwa vibaya haiponi kwa programu yoyote. Huko Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Picha nyingi alizipiga uani kwa mwanga wa jua, na nyuma ya watu alitundika kitambaa. Kitambaa chake cha kwanza kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe! Picha hizo leo zimewekwa katika majumba makubwa ya sanaa huko Ulaya na Marekani. Sisi nasi tuna leso na mikeka. Uzuri wa picha hauhitaji vifaa vya bei.

Jua la saa sita mchana ni baya kwa picha za watu. Linaangaza paji la uso na kuacha macho gizani. Piga asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi na moja. Kama ni lazima upige mchana, tumia mlango wa nyumba. Mwambie mtu asimame hatua moja ndani ya mlango akitazama nje, nawe usimame nje. Utaona uso unapata mwanga laini, na nyuma yake kuna giza linalofanya uso utokeze vizuri. Futa kwanza kioo cha kamera kwa kitambaa safi, maana simu hukaa mfukoni na mafuta ya vidole huleta ukungu kwenye picha. Na usivute picha kwa vidole ili mtu aonekane karibu, mwendee tu.

Jambo lingine linalotuhusu sana sisi Waafrika ni ngozi nyeusi. Kamera ya simu hujipimia mwanga yenyewe. Mtu akisimama mbele ya anga jeupe, simu hupunguza mwanga ili anga lionekane vizuri, halafu mtu wako anakuwa kivuli. Dawa yake ni kugusa uso wake pale kwenye skrini kabla ya kupiga. Katika simu nyingi itatokea alama ya jua, nawe utaisukuma juu kidogo ili uso uangaze. Shida hii ina historia. Kwa miaka mingi kadi ambazo kampuni ya Kodak iliwapa wasafishaji picha wapimie rangi zilikuwa na sura ya mwanamke mzungu, hivyo rangi ya ngozi yetu haikuwa kipimo cha mtu. Hata leo simu nyingi zina kitu cha kuremba uso ambacho hulainisha ngozi na kuifanya nyeupe bila wewe kuuliza. Kitafute kwenye kamera yako ukizime.

Sasa tufike kwenye kutengeneza. Programu ziko nyingi, ila tunayoipendekeza kwa anayeanza ni Snapseed, ambayo ni mali ya Google. Ni ya bure, haina matangazo, na ukishaiweka kwenye simu inafanya kazi bila bando. Unafungua picha, unachagua kifaa, halafu unapitisha kidole kulia kuongeza au kushoto kupunguza. Ukibonyeza picha na kushikilia, unaonyeshwa ilivyokuwa mwanzo. Tumia hiyo mara kwa mara, kwa sababu jicho huzoea haraka, na baada ya dakika tano hata picha iliyoharibika unaiona nzuri.

Kata kwanza kile kisichohitajika pembeni, kama ndoo, kiatu au mkono wa mtu mwingine. Nyoosha picha kama ukuta umelala. Halafu ndipo urekebishe mwanga. Badala ya kuangaza picha yote, fungua vivuli peke yake kidogo, na kama anga au shati limekuwa jeupe kupita kiasi, punguza zile sehemu zenye mwanga mkali. Kuna pia kifaa cha kugusa mahali pamoja tu, kwa mfano uso, na kuuongezea mwanga huku sehemu nyingine zikibaki kama zilivyo. Hicho peke yake kimeokoa picha nyingi za harusi.

Rangi ndiyo yenye mtego. Mikutano yetu mingi hufanywa chini ya turubai, na turubai la buluu humfanya kila mtu aonekane kama ameshikwa na baridi kali. Chini ya mwembe watu huwa na ukijani. Kifaa cha kusawazisha rangi kina alama ya kudondosha juu ya picha. Iweke juu ya kitu unachojua ni cheupe kweli, kama karatasi au kitambaa cha altare, na rangi nyingine zitajipanga zenyewe. Kwa hiyo unapopiga bidhaa, weka karatasi nyeupe kando yake. Utaikata baadaye. Kisha shika kiondo chenyewe karibu na skrini, ulinganishe. Kile kifaa cha kukoleza rangi usikiguse kabisa kama picha ni ya kuuza.

Je, basi mapambo ni dhambi? La, hasha. Lamu alikuwako mpiga picha Omar Said Bakor, aliyejulikana kwa kuunganisha picha mbili tatu kuwa moja, miaka mingi kabla ya simu hizi. Na pale kivuko cha Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990 wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye pazia zilizochorwa meli na ndege, na mtu akipigwa mbele yake anatuma kwao picha kama msafiri. Nani alidanganywa? Kila mtu alijua ni furaha tu. Kijana akitaka kulaza picha ya mlima juu ya uso wa baba yake, au kuigeuza nyeusi na nyeupe ili mikunjo ya uso isimulie, afanye. Snapseed ina vifaa vya kazi zote hizo, na wapo vijana wetu wenye kipaji. Picha ya mradi kwa wafadhili, ya bidhaa, au ya habari ni kitu kingine, kwa sababu anayeitazama anaamua jambo kwa kuiamini.

Na iko picha ya tatu, ile ya msiba. Niliwahi kuketi katika matanga ambapo karatasi za ibada zilikuwa na picha ya marehemu iliyosafishwa na programu. Mama yule alikuwa na kovu shavuni tangu utotoni, na mikunjo ya miaka yake themanini. Vyote vilikuwa vimefutwa. Dada yake aliishika ile karatasi, akaitazama, akauliza, "Huyu ni nani?" Ile picha ya awali haikupatikana, maana iliyotengenezwa ilihifadhiwa juu yake. Tafadhali, ukimaliza kazi chagua kuhifadhi nakala, ile ya mwanzo ibaki. Kifaa chenye alama ya plasta kinafuta vizuri doa la matope kwenye shati. Kovu la mtu liache, isipokuwa mwenyewe akuombe.

Kuhusu ruhusa, Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Walimu wa Sunday School, na sisi wa ofisi ya maendeleo pia, tuombe idhini ya mzazi kabla ya kutuma picha ya mtoto popote.

Wale akina mama wa vyondo walipiga upya, mlangoni, juu ya gunia safi, karatasi nyeupe ikiwa kando. Picha walizituma kwa WhatsApp kama dokumenti, kwa sababu zikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa na ususi hauonekani vizuri. Mteja ameagiza sita kwanza. Mwenye shida na picha zake alete simu ofisini siku ya Jumatano, na tafadhali iwe na chaji.